Kukata Neno

Mwanamke aliyemsindikiza mtoto kutoka Oslo alikuwa na haraka ya kuwahi ndege ya kurudi. Alisimama na Madhu pale Heathrow, mahali abiria wanapotokea, akainama, akamwonyesha Kokila na kusema polepole, "Dette er mor." Huyu ni mama. Madhu alikuwa na miaka mitano, koti la sufu limefungwa hadi kidevuni, chuma cha mguu kikionekana juu ya kiatu. Alimtazama Kokila kuanzia chini hadi juu. Kisha akanyoosha mkono amsalimie, kama karani anavyomsalimia mteja.

Kokila aliupokea mkono ule. Hakujua afanye nini nao. Maneno yake alikuwa ameyapanga tangu asubuhi, ya Kigujarati na ya Kiswahili, maana walipokuwa Mbale mtoto alikuwa akivichanganya vyote viwili katika pumzi moja.

"Madhu, mwanangu. Unanikumbuka?"

Mtoto akageuka kumtazama msindikizaji, akisubiri aambiwe kilichosemwa. Msindikizaji alitabasamu tu, akampapasa kichwani, akaenda zake.

Mama na mtoto walikuwa wameachana mwaka sabini na mbili, Wahindi walipoamriwa kuondoka Uganda. Kokila, mzaliwa wa Tanga aliyeolewa Mbale, alikuwa na pasipoti ya Uingereza. Mumewe Vinod, fundi saa, alikuwa ameomba uraia wa Uganda, nao ukafutwa mwaka huohuo. Akabaki mtu asiye na nchi. Mtoto alikuwa ameandikwa kwenye karatasi za baba. Watu wa ofisini walimwambia Kokila atangulie, wenziwe watamfuata. Akatangulia, akafikia kwa kaka yake Kanti, huku Hayes. Vinod na mtoto walichukuliwa na Umoja wa Mataifa wakapelekwa Norwe, kwa kuwa nchi ile ilikubali kupokea wagonjwa na walemavu, na mguu wa Madhu ulikuwa umepigwa na polio. Huko ungefanyiwa operesheni.

Ukafanyiwa. Vinod akapata kazi kwenye kiwanda cha mbao. Kila Kokila alipokwenda kuuliza habari ya kibali cha mumewe, aliambiwa faili linashughulikiwa. Kwenye simu walisemezana kwa mkato. Mara moja Vinod alimwambia, "Usiwe na wasiwasi. Yuko jirani, Borghild, anamwangalia mtoto nikiwa kazini." Laini ikakatika, na Kokila hakupata nafasi ya kuuliza Borghild ni nani, wa umri gani, anaishi na nani. Maswali hayo alibaki nayo. Kibali kilipotoka, Vinod alikuwa amelazwa, mapafu yake yamejaa maji, na hospitalini hakutoka tena. Aliyerudi kwa Kokila ni mtoto peke yake.

Ndani ya gari Madhu alikaa nyuma, wima, akitazama mvua. Walipofika karibu na daraja la mfereji aliuliza swali lake la kwanza.

"Hvor er bestemor?"

Kanti aliyekuwa akiendesha alimtazama dada yake. "Anasema nini?"

"Sijui, bhai."

Lakini kuna kitu alikuwa amekishika. Mor alilijua, alikuwa ndiyo kwanza amefundishwa na yule msindikizaji, aliyelitamka kama "muur", akilivuta. Na beste halikuhitaji kufundishwa. Kiingereza alichookota kiwandani alikofanya kazi huku Hayes kilitosha kumwambia kwamba kitu kikiwa best ni kile kinachoshinda vyote. Usiku huo na siku zilizofuata neno lilirudi, mtoto akila, akivuliwa kiatu, akiwa amesimama dirishani. Beste. Mor. Kokila alilipokea vipande viwili na kila kipande kikamwangukia na uzito wake.

Alikuwa na shoga mmoja tu wa kumweleza. Mwanamwema alikuwa Mzanzibari, alifika London na mumewe baada ya mapinduzi, akifua mashuka kwenye hospitali ya wazee. Walijuana kwenye duka la mashine za kufulia, siku Kokila aliposikia mtu akiwagombeza watoto kwa Kiswahili nyuma ya mashine, akajikuta machozi yanamtoka.

"Anamwita mwanamke mwengine mama bora," Kokila alimwambia, akikunja shati la Kanti. "Mchana kutwa. Mbele yangu."

"We Kokila, mtoto ndo kwanza kaja. Mpe siku zake."

"Na huyo mwanamke alikuwa anaishi na mume wangu."

"Nani kakwambia?"

"Nani angekuwa anamlea mtoto wa mtu bure?"

Mwanamwema alitoa nguo zake kwenye mashine, akazikung'uta moja moja. "Mie siyajui hayo. Ila wangu wamezaliwa hapahapa. Nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiingereza. Wakisema haraka siwashiki. Lakini mama yao wanajua ni mie."

Alisema ili kumpoza. Kokila alirudi nyumbani na maneno yale kama mtu aliyemeza mwiba.

Borghild alipiga simu Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Simu ya Kanti ilitundikwa ukutani chini ya ngazi. Kanti alisikiliza, hakuelewa kitu ila jina la mtoto, akamwita Madhu na kumshikisha mkono wa simu. Kokila alikuwa juu ya ngazi na taulo mkononi. Tangu mtoto afike alikuwa hajamsikia akicheka. Hakujua kama meno ya mbele yamemtoka. Sasa aliyaona mapengo. Madhu alisema mambo marefu, akaonyesha kwa mkono urefu wa kitu fulani kana kwamba aliye upande wa pili anaona, akauinua hata mguu wake wenye chuma. Bestemor, alisema, na tena, bestemor. Kokila alisimama palepale mpaka simu ilipokatwa na uso wa mtoto ukajifunga kama ulivyokuwa.

Jumapili iliyofuata Kokila aliiwahi simu yeye.

"Hallo? Madhu?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito, iliyokwaruza. Haikumwambia umri.

"Madhu hayupo," Kokila alisema kwa Kiingereza. Mtoto alikuwa amesimama nyuma yake.

Yule mwanamke alisema maneno mengi kwa haraka. Kiingereza hakuwa nacho. Alipoona hajibiwi alipunguza mwendo, akasema kama watu wanavyosema na kiziwi, akilitenganisha neno ili lieleweke: "Det er bestemor. Bes-te. Mor."

"Mimi ndiye mama," Kokila alisema, na Kiingereza chote kikamtoka, akamalizia kwa Kiswahili. "Mimi! Mor ni mimi! Usipige tena hapa."

Akairudisha simu ukutani. Madhu alijirusha kuifikia, chuma cha mguu kikagonga ngazi, akaanguka na kupiga kelele kwa lile neno. Kokila aliinama, akamziba mdomo kwa kiganja.

"Basi. Neno hilo basi. Sitaki kulisikia ndani ya nyumba hii."

Hakumpiga. Alikishikilia kiganja pale mpaka alipohisi midomo ya mtoto imetulia chini yake.

Jumapili zilizofuata simu ililia wakiwa mezani. Kanti alitaka kuinuka.

"Iache, bhai."

"Mtoto anamjua huyu mama, Kokila."

"Ndiyo maana nakwambia iache."

Kanti aliketi. Ilikuwa nyumba yake na simu yake, lakini dada yake alikuwa mjane, na hakuwa na moyo wa kushindana naye. Walikula huku inalia. Madhu aliitazama sahani. Mara nyingine ililia, ikakoma, ikalia tena. Kisha ikafika Jumapili ambayo simu haikulia, na zilizofuata pia haikulia.

Kwa muda Kokila alidhani ameshinda. Mwanamwema alipomuuliza, alijibu, "Amelisahau lile neno."

"Alhamdulillahi. Na mengine?"

Kokila alikuwa akitafuta soksi ndani ya kapu. "Mengine pia," alisema.

Ilikuwa kweli. Hapo awali Madhu alikuwa akijisemea peke yake, akiimba vitu vidogo akichora kwenye ukungu wa kioo. Sasa alikula, alivaa, alikwenda chooni, alipanda na kushuka ngazi akiuvuta mguu, na hakutoa sauti. Kiswahili hakukichukua, wala Kigujarati. Akiwa na njaa alisimama karibu na kabati. Kokila alimsemesha, akambembeleza, akamnunulia mwanasesere, akamkasirikia, akamwomba radhi. Mtoto alimtazama bila chuki. Hilo ndilo lililomwogopesha Kokila.

Alipoanza shule mwezi wa tisa, walimu walivumilia kwa majuma machache, kisha wakampeleka kliniki, kwa mtaalamu wa watoto wenye shida ya kusema. Mtaalamu alimpima masikio, akayakuta mazima. Akasema hawezi kujua kama mtoto ameshindwa kusema au amekataa, mpaka apatikane mtu wa kumsemesha kwa lugha aliyokuja nayo. Ndipo alipoitwa Lydia, mke wa mchungaji kwenye kanisa la mabaharia wa Kinorwe kule Rotherhithe. Kabla ya kuolewa alikuwa akifundisha watoto wadogo kwao.

Lydia aliketi sakafuni na Madhu, akamsemesha karibu saa nzima, kwa sauti ya chini. Mtoto alipanga vibao vya rangi, akavipangua. Hatimaye Lydia aliinuka, akaja kuketi karibu na Kokila. Walisemezana kwa Kiingereza.

"Ananielewa," Lydia alisema. "Nikimwambia chukua chekundu, anachukua. Niambie, kabla hajanyamaza alikuwa akisema nini?"

"Alikuwa akimtaja mwanamke aliyekaa na mume wangu. Alimwita mama bora." Kokila alilitamka alivyozoea kulisikia kichwani mwake. "Beste. Mor."

Lydia alikunja uso. "Hapana. Hatusemi hivyo. Hata ukitaka kumsifu mtu kuwa ni mama bora, husemi hivyo. Hebu niigizie. Acha maana. Litoe kama lilivyotoka kinywani mwake."

Kokila alifumba macho. Alimwona mtoto chini ya ngazi, mkono wa simu sikioni, mapengo wazi. "Bestemor," alisema, kwa pumzi moja.

"Ah," alisema Lydia. "Hilo ni neno moja. Maana yake ni bibi."

"Bibi?"

"Mama mzaa mama, au mama mzaa baba. Au mwanamke mzee yeyote anayempenda mtoto."

"Lakini beste ni bora. Mor ni mama."

"Yakiwa mbalimbali, ndiyo. Yakiungana yanakuwa kitu kingine. Sikiliza mkazo." Lydia aligonga meza kwa kidole mara moja, kwa nguvu, kisha akakiburuta. "BES-temor. Mkazo unakaa mwanzoni, na ile mor ya mwisho inavutwa tu nyuma yake. Ukisikia mkazo mmoja, ni neno moja. Ukisikia miwili, ni maneno mawili. Syke hus, nyumba zinazoumwa. Sykehus, hospitali. Watoto wetu wanalijua hili kabla ya kujua herufi."

Kokila aliitazama meza. Tangu utotoni sikio lake lilikuwa limezoea kuungoja uzito karibu na mwisho wa neno. Tanga hakuna aliyetia mkazo kwenye mwana alipotaja mwanasesere. Uzito ulikwenda mbele, kwenye sesere. Ndivyo alivyomsikiliza mtoto wake, akingojea mwishoni, na mwishoni alikuta mor, ndefu, sauti ikipanda. Kisha akakumbuka jambo lililomfanya ashike ukingo wa kiti. Kwao majirani walimwita dada mkubwa wa mama yao mama mkubwa, naye Kokila alimwita vivyo hivyo, na hakuna mtoto hata mmoja, tangu dunia iumbwe, aliyedhani wanasema habari ya mama aliye mnene au mrefu.

"Ni mzee huyo mwanamke?" aliuliza.

Lydia aligeuka na kumwuliza Madhu kwa Kinorwe. Kokila hakuelewa swali, ila lile neno alilisikia likipita, zima, na mkazo wake mmoja. Madhu aliacha vibao. Akauinua mkono wake, akajiziba mdomo kwa kiganja.

Mtaalamu aliandika kitu. Lydia alimtazama Kokila, na Kokila alimwambia yote, palepale, mbele ya mtoto.

Jumapili Lydia alikuja Hayes. Namba ya Borghild ilikuwepo, Kanti aliipata kwa Vinod akaihifadhi bila kusema. Simu ililia muda mrefu upande wa pili kabla haijapokewa. Lydia alizungumza, akasikiliza sana. Mara mbili aliuziba mkono wa simu ili ampe Kokila maneno.

"Ana miaka sabini na nane. Nyumba yake iko ukuta kwa ukuta na chumba walichokodi. Anasema mumeo alikuwa mpole, alimtengenezea saa ya ukutani."

Kokila aliitikia kwa kichwa.

"Anauliza kama mlikuwa mmehama." Lydia alisikiliza tena, na safari hii alikawia kutafsiri. "Alikuwa akipiga kwa ajili ya mtoto, na kwa jambo jingine. Majivu ya mumeo yalikuwa bado kule mtoto alipoondoka. Alitaka kujua mnayatakaje, kama yaletwe, au mna mahali penu. Hakupata mtu wa kumjibu. Sheria ya kule hairuhusu kukaa nayo muda mrefu. Ardhi ilipoyeyuka barafu, waliyazika kwenye makaburi ya kanisa. Alikwenda yeye na watu wawili wa kiwandani. Anaomba msamaha kama amekosea."

Kanti aliyekuwa ameegemea mlango aliingia jikoni. Walimsikia akifungua bomba, na maji yakaendelea kutiririka. Kwao majivu ya mtu huenda majini, na aliyepaswa kuyapeleka ni wa damu yake.

"Mwambie hakukosea," alisema Kokila.

Wakamwita Madhu. Lydia alimshikisha simu na kumwelekeza sikioni. Sauti ya bibi ilisikika hadi kwenye ngazi, ikiita, ikiuliza, ikisubiri, ikiita tena. Madhu alisikiliza yote, kiganja mdomoni. Kokila alipiga magoti mbele yake, akakishika kiganja kile na kukiondoa taratibu. "Sema, mwanangu. Sema. Nakuomba."

Midomo ilikuwa imefungwa vilevile chini yake. Mtoto akampa mama yake simu, kwa adabu, akaondoka akiuvuta mguu.

Kokila alibaki magotini. Upande wa pili pumzi za mtu zilikuwa zikisikika. Hakuwa na lugha ya kumwambia kitu. Akaweka mkazo mwanzoni, akauachia mwisho ujiburute.

"Bestemor," alisema.

Pumzi zilikatika. Kisha yule mzee alianza kusema, na alisema kwa muda mrefu, na Lydia alipoinama ili atafsiri Kokila alimzuia kwa mkono.

Madhu alirudi kusema katika majira ya baridi, shuleni, kwa Kiingereza. Mwalimu alisimulia kwamba alimwomba jirani yake penseli ya bluu, kana kwamba hakuwahi kunyamaza. Nyumbani pia alikileta Kiingereza hicho. Alimwita Kokila Mum, kama watoto wote wa mtaani, na Kokila aliitika. Alikuwa mtoto mtiifu. Kinorwe hakukisema tena, na Lydia aliyekuja kuwatembelea alishauri asishurutishwe.

Aliyekisema ni Kokila. Kila Jumapili alimpigia Borghild na maneno machache aliyofundishwa na Lydia: mtoto mzima, mtoto amekua, theluji, asante. Yule mzee aliyarekebisha kwa uvumilivu. Walizungumza hivyo kwa miaka mitatu, wanawake wawili wasioelewana, wakimtajiana mtoto aliyekuwa chumba cha pili akitazama televisheni.

Kisha Jumapili moja simu ilipokewa na mwanamume. Alisema sentensi moja, na Kokila hakuhitaji mtu wa kumtafsiria. Alishukuru kwa Kinorwe, akairudisha simu ukutani.

Madhu alikuwa mezani na hesabu za shule. Kokila alisimama mlangoni, akamwambia kwa Kiswahili, ambacho mtoto sasa alikielewa ila hakukisema, "Bibi yako amefariki."

Madhu aliinua kichwa. "Bibi gani?" aliuliza kwa Kiingereza. "Si ulisema alikufa Tanga, kabla sijazaliwa?"

Alikuwa akiuliza kweli. Usoni mwake hamkuwa na kitu kilichofichwa. Kokila alikitafuta kote. Akavuta kiti, akaketi upande wa pili wa meza, na mtoto akarudi kwenye hesabu zake.